Tupunguzieni matangazo, tupeni pa kurudisha mali

MTUME mtoto dukani akuletee Omo. Atasimama pale kwenye waya, aseme, "Nipe Omo ya ishirini," naye wa duka atamuuliza bila hata kutabasamu, "Omo gani?" Mtoto atataja Ariel, ama Sunlight, ama atanyoosha tu kidole. Mgeni akisikia hayo atadhani kuna mtu amechanganyikiwa. Sisi tunaelewana. Sabuni ya unga ni Omo, dawa ya meno ni Colgate, majarini ni Blue Band, na mafuta ya kujipaka ni Vaseline hata kama kopo limeandikwa jina jingine kabisa.

Ndiyo maana huwa natilia shaka zile orodha za chapa "zinazoaminiwa zaidi" ambazo watu wa matangazo hupenda kutuletea. Msimamishe mtu stejini umuulize anaamini chapa gani. Atakutajia jina la kwanza linalomjia kichwani, na jina la kwanza ni lile lililopakwa rangi kwenye ukuta wa duka la kwao tangu akiwa chekechea. Kulijua jina si kuliamini. Hata matapeli wa mtaani majina yao tunayajua.

Kwangu mimi kipimo ni kimoja, na ni cha kizamani: kitu kikiharibika, nitamrudishia nani? Kama kuna mtu, kaunta, ama namba ya simu inayoshikwa, basi tuzungumze mambo ya imani. Kama hakuna, hayo ni mazoea tu, na mazoea yana tabu.

Wengi wetu vijana hatukuchagua chapa tunazotumia. Tulizikuta jikoni. Mathe alipikia Kimbo, na mafuta yakiisha mkebe uliendelea na kazi: wa kuwekea sukari, wa kupandia maua nje ya mlango, wa kuchotea maji ya kuoga. Sokoni mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia ulipanda cheo ukawa gorogoro, kipimo cha mahindi na maharagwe. Hebu fikiria hilo. Watu hawakuamini mafuta pekee, waliamini hata bati lake kiasi cha kuligeuza mizani. Na ujanja ukaingia hapo hapo. Muuzaji anagonga kitako cha mkebe kiingie ndani, kipimo kinapungua, huku nje jina linang'aa vile vile. Anayenunua mahindi kwa gorogoro amejifunza kuangalia kitako kwanza. Sisi wa supamaketi hatuangalii kitako.

Tungeangalia tungegundua kwamba jina huweza kubaki lilivyo na yaliyo nyuma yake yakahama. Kimbo ilitoka mikononi mwa Unilever ikaenda kwa Bidco. Blue Band nayo ilikuwa ya Unilever hadi 2018, biashara yake ya majarini ilipouzwa na kuwa kampuni nyingine, Upfield. Bata, ambayo kuna watu watakuapia ni ya Limuru kwa sababu kiwanda kiko Limuru, ni jina la familia iliyoanza biashara ya viatu mjini Zlín mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Cheki. Sisemi kuna aliyekosea. Biashara huuzwa, ndiyo maisha. Lakini inachekesha kidogo kwamba mwenye nyumba anahama na sisi tunaendelea kubisha mlango ule ule, tukimwita kwa jina la zamani.

Wakati mwingine unabisha na ndani hakuna mtu. Mumias iliwekwa chini ya meneja mrasimu Septemba 2019 kwa sababu ya madeni, na bado kuna akina mama ambao sukari kwao ni Mumias, nyingine zote ni za kubahatisha. Walanguzi wanalijua hilo vizuri kuliko maprofesa wa biashara. Sukari ya magendo haiingizwi kwenye gunia lisilo na jina, hutafutiwa gunia ambalo mteja atalikumbatia. Nakumatt je? Jina lilitoka kwa Nakuru Mattresses, duka la magodoro, likakua hadi kukawa hakuna mtoto wa mjini asiyemjua yule ndovu. Kwenda Nakumatt Jumapili ilikuwa matembezi, si ununuzi. Rafu zikaanza kubaki tupu, wenye kuwauzia bidhaa wakachoka kungoja pesa zao, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Pointi za kadi ya Smart zikawa hadithi ya kusimulia. Huko kote hakuna aliyeacha kumpenda yule ndovu. Mapenzi yetu hayakusaidia kitu.

Halafu ukaja ule mwaka wa 2019, ambao kwangu ndio mwaka Wakenya walipopaswa kuanza kuuliza maswali magumu. Mwanzoni mwa mwaka chapa kadhaa za siagi ya njugu zilisimamishwa. Julai runinga ya NTV ikatuonyesha jinsi nyama katika baadhi ya supamaketi ilivyokuwa ikipakwa kemikali ionekane mpya. Novemba Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, likapiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu ambayo kiwango chake hakifai kuzidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Unga, jameni. Si mafuta ya nywele, si manukato. Kitu ambacho mtoto analala njaa kikikosekana.

Nakumbuka gumzo la wiki hiyo lilivyokuwa. Watu walitumiana orodha kwenye WhatsApp, wakahama kutoka chapa hii hadi ile, mambo yakapoa. Lakini swali langu halikujibiwa na yeyote. Wewe ambaye pakiti nusu iko kabatini na nusu iko tumboni, unampelekea nani? Supamaketi itatoa zilizobaki kwenye rafu. Ile ambayo tayari umeifungua ni yako na familia yako. Hakuna aliyesimama akatangaza kwa sauti ile ile ya matangazo ya redio, "Leteni pakiti, hata zikiwa nusu, tutawarudishia pesa."

Kuna watakaoniambia niangalie alama ya KEBS. Naangalia. Hata ile huduma ya kutuma SM pamoja na namba ya kibali kwa 20023 naijua, na nashauri kila mtu aitumie, inakuonyesha kibali ni cha nani. Tatizo ni kwamba anayetengeneza feki chumbani kwake hawezi kuchapisha pakiti nzima inayofanana na ya kweli halafu asahau kuweka namba. Atanakili na namba. Ujumbe utakurudia kwamba kibali ni halali, na ni kweli kibali ni halali, kilichoko mkononi mwako ndicho cha kutilia shaka.

Mfano mzuri zaidi uko jikoni, umekaa karibu na miguu yako unapopika. Mtungi wa gesi. Umeandikwa jina kubwa, umepakwa rangi ya kampuni, na wewe unalipa ukijua unalipia jina hilo. Kanuni zilizotolewa 2019 zinasema mwenye chapa ndiye anayejaza mitungi yake, ama yule aliyekubaliana naye kwa maandishi. Lakini mtungi hausemi ulijazwa wapi jana usiku. Wako wanaojaza mitungi ya watu bila leseni, na hawabadilishi rangi wala jina, kwa nini wabadilishe? Jina ndilo linalouza. Usiku wa Februari 1, 2024, Wakenya waliona moto wa Mradi, Embakasi, mahali ambapo mamlaka ya kawi, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali. Watu walikufa wakiwa majumbani mwao. Sasa ukiniuliza ninaamini gesi gani, nitakujibu kwamba kwanza naangalia kifuniko kilichoziba, pili nauliza huyu anayeniuzia analetewa na nani, na rangi ya mtungi ni ya tatu ama ya nne huko.

Ndiyo maana mtaani imani imekaa kwa mtu. Mama mboga akikuuzia nyanya iliyooza ndani, kesho unapita pale pale ukienda kazini, na yeye anajua utapita. Wa posho mill unamwona mahindi yako yakiingia na unga ukitoka. Muuza maziwa akitia maji, habari zitafika ploti nzima kabla ya saa nne. Hawa hawana nembo, hawana kikosi cha matangazo, lakini wana kitu ambacho kampuni kubwa zimekosa: hawawezi kuhama bila sisi kujua.

Lakini nisiwapake asali pia. Mafuta ya kupima yanatoka kwenye dramu ambayo hujawahi kuiona, na chupa haina tarehe. Halafu kuna lile daftari. Unajua daftari gani. Ukiwa na deni la 640 kwa wa duka, maziwa yakiganda ukiyachemsha utarudi kulalamika kwa sauti gani? Utanyamaza, utamwaga, utanunua mengine kwa sauti ya upole. Mwenye deni hana ubavu wa kurudisha mali. Nadhani hili huwa halihesabiwi kabisa watu wanaposema maskini "wanapenda" chapa fulani ama duka fulani. Wapo wanaopenda, na wapo waliofungwa na kalamu ya mwenye duka.

Sisi vijana tumejitafutia daftari letu jingine: mitandao. Leo mtu anaamini viatu kwa sababu mchekeshaji fulani wa TikTok amevivaa. Huyo mchekeshaji amelipwa, na siku soli ikibanduka ukimwandikia atakuachia tiki mbili za buluu. Kurasa zenye wafuasi elfu mia moja zinakuambia utume pesa kwanza ndipo uletewe, na wewe unatuma kwa sababu wafuasi ni wengi, kana kwamba wafuasi ni mashahidi.

Dukani mjini nako ni vile vile. Dadangu mdogo huuza mtumba, zile kamera, kwa picha za WhatsApp. Simu ndiyo duka lake. Mwaka jana aliweka akiba akanunua simu mpya katikati ya jiji, shilingi 18,500, chapa ambayo kila mtu anaijua, ikiwa ndani ya boksi lake na kadi ya waranti imepigwa muhuri. Siku ya tisa skrini ikawa nyeusi ti. Dukani wakamwambia mambo ya waranti ni ya kampuni. Akaenda kwa kituo cha kampuni, wakaandika namba ya simu kwenye kompyuta yao, wakamwambia simu hiyo haikuingizwa kwa soko la Kenya, kwa hivyo haiwahusu. Akarudi dukani. Yule kijana aliyemuuzia hakuwepo tena, aliyekuwepo alimwonyesha kwa kidole kikaratasi kilichobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Wiki tatu bila biashara. Wateja hawangoji, walihamia kwa wengine. Mwishowe alinunua simu ya mkono wa pili kwa fundi wa mtaani kwetu, 9,000, chapa ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Huyu najua keja yake." Bado anaitumia.

Kile kikaratasi cha ukutani ndicho kinachonikera zaidi, manake tunakisoma kana kwamba ni amri ya korti. Si amri. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya kuwalinda wanunuzi ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ametoa hakikisho kuhusu ubora wa anachouza, na hawezi kulifuta hakikisho hilo kwa tangazo lake mwenyewe. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inafaa kuamuliwa ndani ya siku 60. Ni wangapi kati yetu tunaoijua? Kampuni zinatufundisha jinsi ya kushinda boda boda kwa kutuma kodi ya chini ya kifuniko, ila hakuna inayotufundisha hili.

Sisemi tumelala kabisa. Kati ya 2019 na 2020 wanawake wa Kenya walianzisha #MyAlwaysExperience, wakasimulia waziwazi jinsi pedi ambazo mama zao waliwapa zilivyokuwa zikiwachoma na kuwawasha, wakauliza kama zinazouzwa hapa ni sawa na zinazouzwa Ulaya. Kampuni ilitetea bidhaa yake. Lakini kilichonivutia ni kwamba kitu kilichorithiwa kimya kimya, tena kitu ambacho tuliambiwa ni aibu kukitaja, kilianza kujadiliwa mezani na mwenye chapa akalazimika kujibu. Wasichana wengi niliosoma nao walibadilisha wakati huo na hawajarudi. Hakuna tangazo linaloweza kumrudisha mtu aliyeumia na kuambiwa labda ni ngozi yake.

Tofautisha na Juni 25, 2024, siku vijana walipofika Bungeni na intaneti ikazorota. Kampuni za simu zilisema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Wengi wa rika langu hawakuridhika na jibu hilo, na wito wa kuhama Safaricom ulijaa mitandaoni usiku huo na siku zilizofuata. Wangapi walihama kweli? Mimi niliwaona wakinunua laini ya pili ya Airtel kwa bando, na ya kwanza ikabaki mfukoni. Kodi ya nyumba iko M-Pesa. Chama kiko M-Pesa. Shosho kule kijijini, ambaye alijifunza kutumia kitu hicho kimoja tangu 2007 na hataki kusikia kingine, yuko M-Pesa. Ukiwauliza vijana hao leo kwenye utafiti, wataandika jina hilo juu kabisa, na mwenye kuhesabu ataandika "imani". Hilo neno halifai hapo. Mtu anayesafiri kwa matatu pekee iliyoko stejini hajaonyesha kwamba anamwamini dereva.

Kwa hivyo nikisikia kampuni zikilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana uaminifu kwa chapa, kwamba tunaruka kutoka hii hadi ile kwa sababu ya shilingi kumi, nacheka. Tunaruka kwa sababu zote zinatutendea sawa siku ya shida. Kama A haitanirudishia na B haitanirudishia, basi angalau niokoe hiyo kumi ninunue mandazi. Mnataka tubaki? Wekeni kaunta ya kurudisha mali karibu na mlango wa kuingilia. Si kule nyuma kando ya stoo, ambako mtu hufika akiwa tayari ameomba msamaha mara tatu. Andikeni kwenye pakiti namba ya simu inayoshikwa na binadamu. Siku bidhaa ikipatikana na kasoro, tangazeni wenyewe kabla ya serikali, na kwa sauti kubwa kama ile ya promosheni.

Juzi nilifanya jaribio dogo nyumbani. Nilitoa pakiti saba kabatini na bafuni: unga, maziwa, majani chai, mafuta ya kupikia, sabuni, dawa ya meno na pedi za dadangu. Mbili hazikuwa na namba ya simu, ni sanduku la posta na baruapepe tu. Moja mteja hakupatikana. Mbili ziliita mpaka zikakatika. Moja ilinijibu kwa sauti ya mashine, nikabonyeza moja, nikabonyeza nne, nikasikiliza muziki mpaka salio likaisha. Ya saba ilishikwa na mwanamke, akaniuliza nimenunua duka gani na nimsomee namba zilizopigwa chini ya pakiti. Nikamsomea. Akanitajia siku ilipotengenezwa, kisha akaniuliza shida ni nini. Nikamwambia hakuna shida, nilitaka tu kujua kama kuna mtu. Alicheka, akasema wengi wanaopiga huuliza kama promosheni ya kushinda pikipiki imeanza.